Hakikisha Hakuna Anayefua

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, tulimwita Ndoo kwa sababu kazi yake ilikuwa ndoo. Kila asubuhi na kila alasiri alifika kwenye mfereji ulio chini ya tuta la bwawa, akakinga maji yanayovuja, akayatia kwenye chupa na kuyaangalia juani. Yakiwa safi, bwawa lina kikohozi tu cha uzee. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kwa ndani, na hapo hana wa kumuuliza: anapanda ngazi hadi kibandani, anapiga king'ora, na sisi wa bondeni tunakimbilia shule ya kilimani.

Bwawa lenyewe lilikuwa na umri wa bibi yangu, na wenyewe wawili: mji wa juu na mji wa chini. Wa juu wakisema likarabatiwe, wa chini wanasema anzeni nyie. Miaka kumi na moja. Walipopatana, mafundi walileta mitambo ya kusindilia saruji ndani ya tuta, wakapiga kambi, na mimi dobi nikapata ovaroli zao.

Sasa niseme nilichofanya. Ovaroli zile ziliganda udongo mwekundu, na bomba la mtaani lilikuwa limekauka. Nikaenda kufulia mferejini, juu kidogo ya pale Ndoo anapokinga maji. Ovaroli thelathini. Nikasuuza, nikaondoka zangu.

Alasiri ile king'ora kikalia. Watu walikimbia na watoto mgongoni na sufuria mkononi; bibi mmoja alisukumwa kwenye geti la shule, akavunjika nyonga. Wahandisi wa miji yote miwili walipofika, maji yalikuwa safi ya kunywa. Ndoo akaambiwa alikuwa amelewa. Mtu ambaye hata soda ya tangawizi ilimpanda kichwani!

Nilinyamaza wiki tatu. Mimi, ambaye neno halijawahi kulala kwangu likaamka bado ni siri. Vijana wa kijiweni walimlilia Ndoo king'ora kwa midomo kila akipita. Kisha mdogo wangu akaja, akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akalia.

"Dada, Ijumaa wanamfukuza."

Ndipo nikaenda ofisini nikasema: macho yake ni mazima, tope lilikuwa langu.

Ndoo akarudishiwa ufunguo wa kibanda. Alikuja kwangu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe ni wewe, shemeji! Ulitaka kunifukuzisha kazi kwa sabuni ya mche?"

Yakaisha. Ila zile ofisi za miji miwili zilipatana safari hii kwa siku moja tu. Kwenye mlango wa kibanda cha king'ora walibandika karatasi yenye mihuri miwili: KABLA YA KUPIGA KING'ORA, HAKIKISHA HAKUNA ANAYEFUA.

Tuliicheka sana. Akiona hata jani ndani ya chupa, ananipigia.

"Shemeji, umefua?"

"Sijafua. Labda wewe hujanawa uso."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri, baada ya mvua ya siku nne. Nyumba yangu ilijaa kama kawaida: majirani wawili, binamu yangu na wanawe, na mwingine aliyekuja kuazima pasi asubuhi na bado yupo. Mimi nilikuwa kwenye simu na msusi wangu, ananisimulia jinsi mwenye nyumba wake alivyofumwa stoo na shemeji yake mwenyewe.

"Usikate," anasema, "bado hujasikia."

Sikukata. Simu ikawa inalia tii, tii sikioni, mtu mwingine ananitafuta. Nikapuuza. Ikalia tena. Mara nne.

Kisha Ndoo akasimama mlangoni, buti za mpira zimejaa tope, chupa mkononi. Maji ndani yake yalikuwa kama chai ya maziwa.

"Shemeji, umefua?"

Nilimwonyesha viganja. Vikavu. Kamba zangu uani zilikuwa tupu. Kwa mvua ile nani angefua?

"Si unaona mwenyewe! Kwa nini hukupiga?"

"Nimepiga, unaongea tu."

"Nasema king'ora!"

"Yule bibi bado anatembelea magongo, shemeji." Alikuwa ameshageuka. "Toa watu. Mpitie mdogo wako."

"Usirudi huko!"

"Sasa nani atakipiga?"

Ngazi za tuta ni mia na arobaini. Nikiwa nasukuma watu nje, niliona koti lake la njano likipanda, likizidi kuwa dogo. King'ora kililia tulipofika kwa kinyozi, mdogo wangu nimemshika mkono. Watu walitoka, wengine wanacheka.

"Dobi! Leo umefua nini?"

"Sijafua!" nikapiga kelele. "Haki ya Mungu, sijafua!"

Kisha king'ora kikakatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo, na nyuma yetu kukaanza mngurumo.

Sisi wa mtaa wa karibu na kilima tulifika shuleni. Wa kule sokoni, wenye safari ndefu, wengi hawakufika. Idadi yao ofisi mbili bado zinabishania.

Jioni, mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye sakafu ya darasa, amejifunga shuka la mtu.

"Wanasema alionekana akiingia kwako," akasema. "Ufunguo alikuwa nao mfukoni, dada. Alikuja kufanya nini?"

Darasa lilijaa watu ninaowajua wote.

"Kuniuliza kama nimefua. Alinipigia kwanza, hakunipata. Nilikuwa naongea."

"Na nani?"

"Msusi."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mdogo wangu, jamani..."

"Nataka kusikia."

Nikamwambia. Mwenye nyumba, stoo, shemeji, jinsi mlango ulivyofunguliwa, nani alisema nini, yote mpaka pale msusi aliposema nisikate. Darasa zima lilisikiliza.