Madaftari ya Vipimo ya Kwa Sefu

Kwa Sefu ni kaya arobaini na moja kando ya mto Nyabarongo, chini ya barabara iendayo Bugesera. Haikuwamo katika orodha ya vijiji. Nusu yake iliandikwa kijiji cha juu, nusu kijiji cha jirani, na mpaka ulipita ndani ya chumba cha kushonea cha Usumani: meza ya kukatia upande mmoja, cherehani upande wa pili.

Wakazi waliomba wawe umudugudu mmoja, kijiji chenye jina lake. Sekta, ofisi ya utawala iliyo juu ya vijiji, ikamtuma Kellen, ofisa wa ardhi aliyekulia Mbarara. Sharti lilikuwa maandishi yanayoonyesha kwamba watu wameishi hapo mfululizo kwa miaka hamsini. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Bila maandishi, ombi lingefungwa.

Masimulizi hayakulingana. Usumani alisema babu yake, Sefu, alitoka Ujiji na mzigo wa kaniki, akakuta mto umefurika, akangoja mtumbwi. Maji yalipopungua alikuwa ameshaoa.

"Alichoka kutembea," alisema Mukashema, jirani anayeuza samaki. "Wanaume ya hapa hawangoji mto. Wanangoja kupikiwa."

Kellen hakuandika lolote kati ya hayo.

Jumatano Usumani alitoa madaftari tisa. Kila mwaka kabla ya Idi, fundi wa Kwa Sefu hupima watoto wote, wa msikitini na wa kanisani, kwa sababu kitambaa hununuliwa jora moja kwa wote. Nguo hiyohiyo wengine huivaa tena Noeli. Madaftari yalikuwa na jina la mtoto, jina la mzazi, bega, kifua na urefu.

Kellen alifungua la kwanza, akalifunga.

"Mzee, hii siwezi kupeleka. Inasema mwaka 1381."

"Ndiyo."

"Mwaka huo cherehani ilikuwa bado haijabuniwa."

"Nilijua Usumani iko mzee," alisema Mukashema, "lakini si namna hiyo."

"Ni Hijria, mwanangu," alisema Usumani. "Baba alihesabu hivyo, nami nikafuata."

"Hamkufikiri kwamba mtu mwingine atasoma?"

"Nani asome kifua cha mtoto wa jirani?"

Alhamisi Kellen alirudi na jedwali la kalenda mbili. Idi ya 1381 iliangukia Machi 1962. Ya mwisho, 1446, Machi 2025. Idi sitini na sita ndani ya miaka sitini na mitatu, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi. Lakini sharti lilisema mfululizo, na alijua ni ukurasa gani wa kuangalia.

Idi ya 1414 ilikuwa Machi 1994, wiki chache kabla ya mauaji ya kimbari: watoto sitini na mmoja. Alifunua ukurasa uliofuata akitarajia kuukuta mtupu.

Ulikuwa na majina kumi na tisa. Manne yaliandikwa chini ya Mukashema, ambaye alikuwa amezaa mmoja.

"Cherehani ilikuwa imeibwa," alisema Usumani. "Nguo kumi na tisa zinawezekana kwa mkono."

Mukashema aliendelea kupara samaki. Kellen alipiga picha ukurasa huo. Uliofuata, wa 1416, ulikuwa na majina ishirini na saba.

Ripoti ilifika Ijumaa saa tano asubuhi, na jedwali nyuma yake. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: Kwa Sefu ni umudugudu. Mpaka mpya unafuata barabara na mto, na meza na cherehani sasa ziko kijiji kimoja.

Machi 2026 Usumani alifungua daftari la kumi. Juu ya ukurasa aliandika 1447, akapiga mstari, akaandika 2026.

"Miaka miwili ya nini?" aliuliza Mukashema.

"Huenda mtu akasoma."

Alipima siku tatu. Watoto walikuwa hamsini na wanane, watatu pungufu ya 1414. Mukashema alimkumbusha kwamba kaya mbili zina wajawazito, naye akaacha mistari miwili wazi.