Kikombe cha Mikono Miwili

Makipa wa timu ile hawakunywa chai kama watu wengine. Kikombe walikishika kwa mikono miwili, wa kulia ubavuni, wa kushoto chini, hata kiwe kikombe cha plastiki kilichobaki mafunda mawili. Aliyewaachia mtindo huo ni kocha wa makipa, mzee waliyempachika jina la Koleo kwa sababu enzi zake mpira ukimfikia mikononi ndiyo basi tena. Koleo alikunywa hivyo, na kila msichana aliyepitia kwake akaiga, mpaka ikawa alama yao. Ukimwona mtu benchini kashika kikombe kama anayepokea zawadi, ujue huyo anakaa golini. Wenzao waliwacheka, nao wakazidi kuringa.

Gundi aliringa kuliko wote. Ndiye aliyekuwa kipa namba moja, na jina lenyewe linajieleza. Mchana alikuwa msusi kwenye saluni ya dada yake. Vidole vilivyogawa nywele asubuhi ndivyo hivyo hivyo vilivyodaka mipira jioni, na kazi nyingine duniani alikuwa haijui wala haitaki.

Basi ikafika wiki ya fainali. Mazoezini ukapigwa mpira wa kona, Gundi akaruka, akaupangua vizuri tu, akakosa namna ya kutua. Alianguka kiganja cha kulia kikiwa kimetangulia, na uzito wote ukaja juu yake. Ndani ya mkono kitu kikalia. Hakuweza kusema ni kitu gani, ila alikisikia.

"Mzima?" Koleo alipaza sauti kutoka nyuma ya goli.

"Mzima, Kocha!"

Mzima gani! Nyanyua dole gumba lako uone kile kishimo kinachojitokeza upande wa kifundo cha mkono. Hapo ndipo palipomuuma, na alipopabonyeza kidogo tu machozi yalimlengalenga. Alijipukuta vumbi, akacheka na wenzake, na kesho yake akaenda kwa daktari bila kumwambia mtu.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye miwani na asiye na maneno mengi. Alimpiga picha ya eksirei, akaining'iniza kwenye mwanga, akaitazama mpaka Gundi akaanza kutokwa na kijasho chembamba.

"Hapa sioni ufa," alisema.

Gundi akashusha pumzi.

"Ngoja kwanza, usifurahi. Hapa unapouma pana kimfupa kimejikunja kama korosho. Kikipata ufa, mara nyingi picha ya kwanza haiuonyeshi. Na damu yake inaingilia upande mmoja tu. Ukikichezea, kinakosa damu, kinakufa humo humo ndani. Kikishakufa, kifundo kinaharibika taratibu, mkono unakuwa mgumu. Kwa hiyo mimi nakutibu kama mtu aliyevunjika, mpaka picha ya pili iniambie vingine. Umenielewa?"

"Ndiyo, Daktari."

Akamfunga gango gumu lenye mikanda, lililokamata kifundo pamoja na dole gumba. Asilivue. Arudi baada ya wiki mbili. Kudaka marufuku, na kusuka pia marufuku.

Sasa binadamu tulivyo! Katika maneno yote hayo Gundi alibeba matatu tu: hapa sioni ufa. Alitembea nayo njia nzima akiyarudia, na kabla hajaifikia saluni alikuwa ameshalivua gango na kulisukumia kwenye mkoba, chini ya glavu. Fainali ilikuwa Jumamosi. Nyuma yake alikuwapo Kifaranga, kipa namba mbili, msichana mwenye njaa ya kukaa golini kama nini. Mpishe mtu mahali pako siku ya fainali, uone kama utaparudia.

"Daktari kasemaje?" dada yake alimuuliza. Kumbe alimwona akiingia pale hospitali. Mji huu!

"Kasema haoni ufa."

Na hakuwa amedanganya, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mazoezini alisingizia mafua. Saluni hakuwa na pa kusingizia. Kila alipobana unywele kati ya dole gumba na kidole cha shahada, moto ulimpanda mpaka kwenye kiwiko. Kitana kilimtoka, akakiokota. Kikamtoka tena.

"We mtoto, vipi leo? Vitana vinakukimbia?" dada yake alimtania, na mteja akacheka. Gundi naye akacheka, huku kauma meno.

Asubuhi iliyofuata alishindwa kuzungusha ufunguo kwenye kufuli la saluni. Alilifungua kwa mkono wa kushoto, akajiambia kufuli limeingia kutu. Walikuwa hawajapata mteja bado, dada yake akamimina chai kutoka kwenye chupa, wakakaa kunywa.

"Mwoneni huyu!" dada yake akasema. "Siku hizi unakunywa kikipa mpaka hapa kwangu? Hapa si uwanjani, mdogo wangu. Hakuna anayekuangalia."

Gundi akatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya kikombe. Hakuuweka yeye. Ulikwenda wenyewe, kama mtu anayemkimbilia mwenzake anayeanguka. Akauondoa, taratibu, aone. Kikombe kikapinda, kifundo kikakataa, chai yote ikamwagika mapajani.

Dada yake alihangaika na kitambaa. "Umeungua?" Gundi hata joto hakulisikia. Alikuwa anamfikiria Koleo.

Miaka yote hiyo hajawahi kumwona akinyanyua kikombe kwa mkono mmoja. Hata mara moja! Bomba la maji alifungua kwa kushoto. Filimbi alishika kwa kushoto. Na kabla ya kila mechi, wachezaji wanapojipanga mstari na kumpiga kipa viganja kwa nguvu, yule na yule na yule, kumchangamsha mikono kama walivyozoea, Koleo alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Gundi alidhani ni ukali wa mtu mzima.

Jumamosi alikwenda uwanjani na roho mkononi. Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka dawa ya misuli na soksi, wenzake wanaimba, wanapiga makabati. Koleo alikuwa ameketi pembeni na chai yake. Gundi akaenda kuchutama mbele yake.

"Kocha, naomba unywe kwa mkono mmoja."

Koleo akacheka. "Tumeanza mizaha?"

"Wa kulia, Kocha."

Kicheko kikamwisha mzee wa watu. Alimtazama usoni, halafu akautazama mkono wa Gundi, ule aliokuwa ameuficha kwenye mkunjo wa jezi.

"Siku ile ya kona," alisema.

"Ndiyo."

"Ulipiga picha? Haikuonyesha kitu?"

"Haikuonyesha."

"Hata yangu haikuonyesha." Akaweka kikombe sakafuni, kwa mikono miwili. "Nilifurahi, we! Nikavua lile gango, nikadaka fainali, tukabeba kombe. Watu walinibeba mabegani. Nilipokuja kupiga picha ya pili, kimfupa kilikuwa kimeshakufa. Nanyi mlipoanza kuniiga na vikombe vyenu, niliona aibu kuwaambia. Mlifanya ionekane kama ni mtindo."

Gundi alikuwa anautazama mkono wa mzee na kuuona wake. Aliviona vichwa vya watu vikimpita, kitana mezani, dada yake akitafuta msusi mwingine kwa upole, asimuumize.

"Mikono!" nahodha alipiga kelele. "Kipa wetu yuko wapi? Mikono!"

Mstari ukajipanga. Mbele kabisa alisimama beki wa kati, mwanamke mwenye kiganja kama ubao wa kukatia mboga, naye alishajivuta nyuma kupata nguvu. Koleo aliinuka, akapiga hatua moja, akasimama. Miguu ya Gundi ilimpeleka mpaka mbele ya mstari kwa mazoea tu, na kwa mazoea mikono yake yote miwili ikapanda juu. Angevumilia. Kofi moja, mawili, dawa ya maumivu, na dakika tisini tu. Beki akashusha mkono.

"Usinipige!"

Aliurudisha mkono wa kulia kifuani akaukumbatia. Kiganja cha beki kikapita hewani. Nyimbo zikakatika, kila mtu akamtazama.

"Mkono wangu mbovu," Gundi alisema, na kilio kikamtoka pale pale, kilio cha mtoto, bila haya. "Niliwaficha. Naogopa. Jamani, naogopa sana."

Nahodha alitukana kwa sauti ya chini. Gundi alizitoa glavu mkobani, akamwendea Kifaranga, ambaye njaa yote ilikuwa imemwisha.

"Dada, hata mimi naogopa."

"Ogopa tu, lakini ukianguka, jiviringishe na bega. Kiganja kisitangulie. Umesikia? Kisitangulie."

Walifungwa. Tusizunguke, walifungwa, na bao lenyewe Gundi angelidaka amefumba macho. Wapo waliokwenda nyumbani wakisema ni woga wake uliowaponza, tena walilisema mbele yake.

Picha ya pili ilionyesha ufa, mwembamba kama unywele mmoja. Daktari alivua miwani.

"Umedaka na mkono huu?"

"Sikudaka. Nimesuka."

"Nilikukataza."

"Nisamehe, Daktari."

"Haya. Huenda tumewahi, huenda hatujawahi. Siwezi kukuahidi." Akamfunga plasta ngumu, nyeupe, mpaka karibu na kiwiko.

Niwaambie ukweli, magoli hayamtishi mtu kama plasta. Gundi alikaa nayo wiki baada ya wiki akifagia nywele za watu kwa mkono mmoja, na kila siku alijiuliza kilichomo mle ndani ni hai au ni maiti. Ikiwasha, alifurahi. Ikinyamaza, alikosa raha. Dada yake aliacha kabisa kumtania, na hilo lilimtisha zaidi.

Siku plasta ilipokatwa, mkono ulitoka mwembamba, umepauka, kama wa mtu mwingine. Daktari aliitazama picha mpya, akasema mfupa umeunga, anavyoona yeye. Nguvu je, mkono wenyewe utajibu. Akarudi saluni na dada yake. Koleo alikuwa ameshafika, kakaa kwenye kiti cha wateja. Dada mtu akamimina chai, vikombe vitatu, akakijaza cha Gundi mpaka juu bila kukusudia.

Gundi aliutazama mkono wake wa kushoto. Tayari ulishaanza kunyanyuka. Akauweka chini ya paja, akaukalia.

Akashika kikombe kwa kulia. Kifundo kilitetemeka, chai ikachuruzika kidoleni, ikadondokea sketi. Akabaki nacho hewani, hawezi kukipandisha, hataki kukishusha. Dada yake akageuza uso. Kisha kikombe kikapanda tena kidogo, na kidogo tena, mpaka mdomo wa Gundi ukakipata.

Koleo alikuwa ameshika chake kwa mikono miwili, hajakipeleka mdomoni.

"Kinywe chote, mwanangu," alisema. "Kinywe chote nikuone."