Rubisi ya Kumfuata Placidia
…maana mtu habebi kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kutoka Bugomora mpaka Kihanga, siku mbili kwa miguu, eti kwa kumsalimu mkwe tu, Kokuberwa aliwaza, kisu kikimenya ndizi chenyewe, utomvu umemnata vidoleni, na huko mbele, upande wa pili wa ukuta wa matete, mumewe Byabato alikuwa anasema shikamoo baba kwa ile sauti yake ya unyenyekevu, loo, mwanamume huyu, ungedhani hajawahi kumkosea hata kuku!, na baba yake Kokuberwa, Mzee Rwezaura, anaitikia marahaba mwanangu, tumekungoja sana… tumekungoja? nani alimngoja? miezi mitano sasa tangu anobe, tangu alfajiri ile alipomfunga Placidia mgongoni akatokea mlango wa nyuma jogoo hawajawika, kwa kuwa Byabato, aliyerudi vitani Burma na koti la keya, la askari wa Mwingereza, na amri za keya, alimleta Xaveria, mke wa pili, ndani ya nyumba akasema mzoee tu, ni mdogo wako huyo, mdogo wangu kwa mama yupi?… Desturi nani asiyeijua, mke akinoba akakimbilia kwao, mume humfuata na pombe, huungama kosa lake, baba mkwe akishaionja neno limekwisha, mke anafunga mzigo, lakini yeye alishamtumia katekista amwambie sirudi, sirudi hata kuzikwa, sasa kama mke harudi rubisi hii ni ya nani, Mungu wangu, ni ya Placidia, mtoto wa miaka minne, na baba hajui, ujumbe ule alimficha, atainywa akicheka, na akishakunywa atakuwa amemtoa mjukuu wake kwa kata moja… “Nimekuja kama desturi inavyotaka, baba,” Byabato anasema, na mzee, “Hata ulimi na meno hugombana, mwanangu, kaa, kaa!”… Nenda kamwambie, Kokuberwa, inuka, lakini anaendelea kumenya, kwa kuwa akisema huyu hana ruhusa ya kumchukua mtoto, mkungu, mkuu wa kijiji, hajakaa baraza na wazee wake, hakuna aliyeamua, Byabato atamuuliza neno moja tu, na wewe ulipomchukua uliamuliwa na nani?… Na kweli, na nani? miezi mitano amefurahi kimyakimya kwamba hakuna kesi, akikutana na mkungu njiani anainamisha macho asije akaulizwa, maana wazee wale anawajua, mtoto ni wa ukoo wa baba, watasema, akikua kidogo arudi kwao, basi heri isiamuliwe, ikae hivyohivyo, kumbe ikikaa hivyohivyo mtoto ni wa mwenye mbio… “Tata!” Placidia huyo, anatoka migombani mbio kwa baba yake, “Tata! Umeniletea nini?” na kicheko, kicheko ambacho Kokuberwa hajakisikia tangu Bugomora, na hicho ndicho kilichomchoma, wivu mtupu, maana siku zote alitegemea mtoto atalia akimwona baba yake, kilio kile ndicho shahidi wake pekee, na shahidi huyo hapo, bila shaka amepakatwa, anachezea vifungo vya koti… Mtoto hakuniambia kama anataka kuja, na mimi sikumuuliza, nilimbeba amelala… nilimwiba, akawaza, jamani, mimi nilimwiba gizani na mwenzangu amekuja mchana… “Auleria, tuletee kata!” mzee anamwita mkewe, kwa hiyo bado hajanywa, bado, na Kokuberwa, ndizi mkononi imemenywa nusu, kwa mara ya kwanza akaitaka ile kesi, akawataka wale wazee na ukoo wao wa baba, wakae, wasikie kosa la Byabato na kosa lake yeye, wamwangalie machoni wakati anasema namtaka mwanangu, na wakimnyima, maana wanaweza kumnyima, alilijua hilo, heri anyimwe mbele za watu kuliko kulala kila siku ameshika pindo la gauni la mtoto, asiibwe.