Hema la Mawifi

Kanisa lilipoomba watu wa kujitolea kwenda mlimani kuandaa kambi ya vijana, mshonaji aliinua mkono kabla mchungaji hajamaliza tangazo. Kugeuka, akaona mkono mwingine uliokuwa juu ni wa wifi yake, mjane wa kaka yake. Kuushusha wake mbele ya waumini ingekuwa aibu, na yule naye hakuushusha. Ndivyo walivyojikuta mlimani pamoja na mchungaji, maana wengine wote walikuwa na udhuru, kama kawaida ya watu kazi ikitajwa.

Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi. Kaka mtu aliugua mpaka akafa, na mkewe hakumwita dada mtu hata mara moja. Mshonaji alipata habari akiwa kwenye cherehani, habari za msiba, si za ugonjwa. Hilo lilimkaa rohoni.

Hata kambini walisemezana kwa kupitia mchungaji.

"Mchungaji, mwambie huyo vigingi vyake vimekaa juujuu."

"Mwambie aje avipigilie mwenyewe."

Mchungaji wa watu alirudia kila neno, na wao wamesimama bega kwa bega. Mwishowe alichoka, akasema anakwenda kuchota maji, na huko mtoni hakuwa na haraka.

Ndipo upepo ukaja. Hema kubwa la kulia chakula likavimba, nguzo ya kati ikayumba. Wote wawili wakairukia. Wangeiachia, hema lingeporomoka bondeni na vijana wangekula juani wiki nzima. Basi wakasimama wameikumbatia nguzo moja, pua kwa pua, bila mtu wa kuwapelekea maneno.

Mshonaji alivumilia weee, kisha likamtoka. "Ulininyima kumuaga kaka yangu."

"Si mimi, wifi. Ni yeye." Mjane hakuinua macho. "Alibaki mifupa. Akasema, dada ndiye aliyenishonea suti ya harusi, mwili wangu anaujua. Sitaki anione hivi. Akaniapisha nisikuite."

"Na baadaye je? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Makaburini ulinipa kisogo. Nikija dukani kwako, unafunga mlango."

Muda wote ule mshonaji alimlilia kaka yake peke yake, kumbe mtaa wa pili kulikuwa na mwenzake akilia peke yake vilevile. Hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

Upepo ulikuwa umeshatulia. Nguzo ilisimama bila msaada wa mtu, lakini hakuna aliyeiachia.

"Wifi," akasema mshonaji, "alikonda kiasi gani?"

Mjane akamshika mkono, akaupeleka kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akamfunga vidole pale. Kisha akavibana kidogo kidogo, kumpimia mkono wa marehemu ulivyokuwa, mpaka mshonaji akasema basi, inatosha, akaanza kulia.