Mkono wa Mseti

Mwalimu wetu wa michezo, Faridu, alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. Mwaka ule koo mbili za Wakurya zilikuwa zinapigana kwa mishale na mikuki, zikigombea shamba lililoonyesha dhahabu upande wa Nyamongo. Siku ya soko akasimama dukani kwa ndugu yake, Tarime mjini, akatangaza kwamba chuo chetu cha ualimu kina kijana anayerusha mkuki mita sitini. Akamtaja na jina, Mseti. Kwake yeye, mtoto wa wenye maduka, hiyo ilikuwa habari ya michezo. Kwa Wakurya waliokuwa wanapimiwa sukari pale, ilikuwa habari ya vita.

Mimi na Mseti tulifanya mazoezi pamoja kila jioni, kwa sababu chuo kilikuwa na mkuki mmoja tu na mimi nilikuwa narusha upande wa wasichana. Yeye alitoka ukoo mmoja, mimi ule mwingine. Kaka yangu Wangwe alikuwa anapigana upande wetu. Chuoni hatukuyagusa hayo. Tulikula meza moja, tukalalamikia wadudu wa kwenye maharage, tukawasengenya wenzetu waliotoroka kwenda kuchimba.

Siku moja kabla ya mchujo wa kwenda mashindanoni Mwanza, vijana watatu wa rika lake, waliotahiriwa naye kwao, walikuja wakamwita nyuma ya jiko. Alirudi kanywea.

"Wanataka niende nyumbani kupigana," akaniambia. "Wamesikia habari za mkono wangu. Nimewaambia mwalimu anatia chumvi, hawaamini. Kesho wanakuja kuangalia wenyewe."

"Na wakiona?"

"Wakiona, Nyangi, nitakataaje? Rika likikuita huna pa kujificha."

Nilihofia maisha ya Wangwe. Nikajikuta natamani Mseti aamke na homa, na nikajichukia kwa kutamani hivyo.

Kesho yake wale watatu walikaa kwenye nyasi wakitafuna miwa. Mseti alikimbia, akarusha. Mkuki ulianguka ubavu, karibu kuliko nilikorusha mimi. Mara ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, na uwanja mzima ukacheka.

"Huyu hata mbuzi aliyefungwa hampati!" akasema mmoja wa wale watatu. Wakajikung'uta nyasi, wakaondoka.

"Umelogwa?" Mwalimu Faridu akafoka. Kisha akawatazama wale wanaokwenda zao, akamtazama Mseti, akaenda kuuokota mkuki yeye mwenyewe.

"Nitakuchukua hivyohivyo," akasema baadaye, polepole. "Najua unachoweza."

"Usinichukue, mwalimu. Nikionekana kwenye gari la Mwanza, watajua."

Akachukuliwa Daudi, ambaye siku zote alikuwa wa pili. Mseti alikuwa ameitamani Mwanza mwaka mzima, hata viatu alishaazima. Jioni ile akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hata wa nyumbani kwetu. Nikaahidi.

Vita vilipopoa nilienda nyumbani likizo. Wangwe nilimkuta mzima, ana kovu la mshale pajani, anakula ugali na kuwachekesha watu.

"Na yule mrusha mkuki wao!" akasema. "Tuliambiwa mita sitini, tukawa tunalala macho wazi tukimngoja. Kumbe mkono wa kupepetea mtama!"

Watu wakaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi roho iliniuma, nikataka kusimama niwaambie wote wanyamaze.

Wangwe akanigeukia, tonge mkononi. "Nyangi, wewe si ulikuwa naye chuoni? Eti hata wewe ulimshinda?"

Nilimtazama kaka yangu, mzima, anatafuna.

"Nilimshinda," nikasema.