Kifua Shavuni

Asubuhi hiyo ulimi wa Dalali ulikwenda shavuni, kama ulivyozoea kwenda tangu alipopasuliwa, ukakuta kitu. Kilikuwa kidogo, kigumu, chenye kuchoma. Akafungua bomba la maji ili mkewe asisikie chochote, akapanua mdomo mbele ya kioo cha bafuni, akachungulia. Giza tupu. Akarudi mezani akasema hana njaa.

Na huyu, jamani, ndiye mtu aliyeweza kuuza kabati bovu mnadani hadi wanunuzi wakakunjana mashati! Saratani ilipoingia shavu lake la kulia, madaktari waliondoa sehemu iliyoharibika, kisha wakachukua kipande cha msuli wa kifua pamoja na ngozi yake, wakakipitisha chini ya ngozi ya shingo kikiwa bado kimeshikamana na mshipa wake wa damu, wakaziba pengo. Alipopona alirudi kazini na mzaha mpya: “Wenzangu mnaongea kwa mdomo tu, mimi naongea kutoka kifuani!” Watu wakacheka, bei zikapanda. Jambo moja tu alilikataa katakata. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia kinywani mwake, hata mkewe.

“Humo ni stoo,” alimwambia. “Wageni hawaingii stoo.”

Sasa stoo ilikuwa na mgeni. Kila asubuhi alifungua bomba akachungulia tena, ulimi ukakagua, na kila siku kilikuwa kimekua. Imerudi, alijiambia. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa hakujua aipeleke wapi hofu yake. Akaanza kumfundisha shemeji yake kuendesha mnada. Akaziba paa lililovuja miaka nenda miaka rudi. Akamnunulia mkewe jiko jipya, mkewe akamtazama tu.

Hatimaye alipiga moyo konde, akaenda kwa daktari aliyempasua, mwanamama mfupi asiyejua kubembeleza mtu.

“Daktari, usinizungushe. Nitajie bei ya mwisho.”

“Panua kwanza.”

Daktari alimulika, akapapasa shavu kwa kidole, akabinyabinya shingo pande zote mbili. Kisha akachukua kibanio, akavuta. Dalali akaruka kitini. Kwenye ncha ya kibanio palikuwa na unywele.

“Kifua chako kina nywele?”

“Msitu.”

“Basi ndizo hizi. Tulikunyoa siku ya upasuaji, lakini ngozi haijui kama imehama, inaendelea na kazi yake. Shavu ni safi, shingo ni safi. Nilipaswa kukuambia mapema. Hapo nimekosa, nisamehe.”

Dalali alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea.

Njiani kurudi nyumbani alijua kabisa jinsi atakavyoisimulia, na mahali mkewe atakapoangua kicheko. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, hakucheka.

“Kumbe ndiyo maana ya lile jiko,” alisema.

“Mke wangu, nilikuwa…”

“Nyamaza. Unalala ubavuni mwangu huku unajizika peke yako, nami kila asubuhi nasikia bomba linamwaga maji ya bure. Ulidhani mimi ni mpangaji humu ndani?”

Dalali alikuwa amemwumiza, na aliliona hilo waziwazi. Akavuta kiti hadi dirishani, akaketi, akalaza kichwa nyuma, akapanua mdomo.

Mkewe akawasha tochi ya simu, akamshika kidevu, akainama. Upande mmoja ulikuwa mwekundu kama kinywa cha mtu yeyote. Upande wa pili ulikuwa na rangi ya kifua alichokilalia tangu ujana wao.

“Kumbe kiko huku,” alisema polepole.

Akasogeza mwanga.

“Zimebaki mbili. Na hii moja ni mvi.”

“Mvi?” Dalali aliuliza, mdomo ungali wazi.

“Mvi kabisa. Unazeeka, mume wangu.”

Dalali, ambaye siku zote hizo hakuwa akitarajia kuzeeka, aliushika ule mkono wenye simu usije ukaondoka.

“Tazama vizuri,” alisema. “Isije ikawa ni mwanga.”