Gunia la Mwenyekiti

Tangu kulipokucha Risper alikuwa hakaliki. Alifagia uwanja mara mbili. Alipanga viti vya kuazima kanisani, akavipangua, akavipanga tena kwenye mstari uleule. Aliweka birika motoni, akaliepua maji hayajachemka, akalirudisha. Ungemwona ungesema ni furaha ya wageni, na kweli wageni wa siku hiyo hawakuwa wa kila siku: mfanyabiashara kutoka Nairobi alikuwa njiani kuja Malinya kuona mukombero wa kina mama. Lakini haikuwa furaha. Risper alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ndani ya gunia moja lililoegemea ukuta pamoja na mengine kumi.

Mukombero ni mzizi wa kutafuna, mtamu kidogo, mkali kidogo, wenye harufu inayokaa mdomoni mpaka mchana uishe. Kakamega nzima inautafuna. Wanaume wanaamini unawapa nguvu, na ukiwauliza nguvu za wapi wanacheka na kutazama pembeni. Miaka yote umekuwa ukichimbwa msituni. Risper mwenyewe aliuuza miaka tisa kwenye stendi ya magari mjini, na aliona kwa macho yake jinsi ulivyokuwa ukiisha. Mwanzoni wachimbaji waliupata ukingoni mwa msitu. Baadaye ukawa mwendo wa saa nzima ndani, kisha wa nusu siku. Mchimbaji haachi kitu. Anang'oa mzizi mama na watoto wake wote, na pale alipopita hapaoti tena.

Ndipo akaja Swafia, binti wa Mumias, mwenye mtandio kichwani na gambuti za kukanyagia tope. Shirika lake dogo liliwasaidia wafanyabiashara wadogo kuuza bila kukimaliza kile wanachokiuza. Aliwakusanya wanawake kumi na mmoja, akawafundisha kuupanda mukombero mashambani mwao, kusubiri miaka miwili, kisha kukata mizizi ya pembeni tu na kuuacha mzizi mama ardhini uzae tena. Kijiji kiliwacheka. Nani aliwahi kupanda kitu cha bure? Risper ndiye aliyewajibu wenye kucheka, mmoja mmoja, mpaka wakanyamaza, na kwa ajili ya mdomo huo akachaguliwa mwenyekiti.

Sasa Bwana Makhanu, mwenye maduka mawili ya dawa za asili Nairobi, alikuwa tayari kuununua mukombero wao kila baada ya miezi mitatu. Sharti lake lilikuwa moja. Swafia aliliandika kwenye karatasi ya taratibu za kundi na kila mama akatia kidole gumba chini yake: mzizi wa msituni hauingii. Akiuleta mmoja, kundi zima linatoka.

Gunia la Risper lilikuwa la msituni, lote kabisa.

Usimhukumu upesi. Mwezi wa nne mwaka huo wa tisini na sita alifariki baba mkwe wake, Mzee Elkanah, mwenye fahali aliyepiga mafahali wote wa Ikolomani hadi wakawa wanafichwa. Mtu wa namna hiyo hazikwi kimya kimya. Siku ya shilembe, siku ambayo wanaume humuaga mzee mwenzao kwa mafahali na ngoma za isukuti, watu walimiminika kutoka kila upande. Siku hiyo mahindi hayana mwenyewe, migomba haina mwenyewe; mwombolezaji huchukua atakacho. Wazee waliketi, wakala, wakataka mukombero wa kutafuna.

"Tunasikia mke wa hapa anaupandanga," mmoja alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Ama huo ni wa watu wa Nairobi pekee yao?"

Watu walicheka. Risper angeweza kusema ngojeni. Angeweza kuingia mwenyewe na kisu, akakata ya pembeni, akawaletea kwenye ungo. Ingemchukua nusu saa tu. Lakini macho ya ukoo mzima yalikuwa kwake, jina la marehemu lilikuwa mabegani mwake, na kiburi chake nacho hakikuwa mbali. Alitaka waende makwao wakisema Mzee Elkanah aliacha mkwe mwenye mkono wazi.

"Shamba ni la baba," alisema. "Chimbeni."

Wakachimba vile walivyozoea kuchimba. Walimsifu sana, lazima isemwe. Walimsifu mpaka jua likapinda, na yeye akazunguka na birika la chai kichwa juu. Wageni walipoondoka akaenda nyuma ya migomba akakuta mashimo. Katika mimea sitini haukubaki hata mmoja. Alilia hapo kuliko alivyolia kaburini, na kwa sababu ilikuwa matanga hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Akafukia mashimo, akapanda viazi vitamu juu yake. Wenzake alipowaona wanaangalia aliwaambia anapumzisha udongo kwa ajili ya matanga, na matanga si kitu cha kubishana nacho. Alinuia kusema kwenye mkutano wa mwezi wa tano. Akanuia kusema wa sita. Lakini mwenyekiti anaanzaje? Wiki moja kabla ya ugeni akamtuma Sylvanus, mchimbaji wake wa zamani, amletee gunia moja.

"Mama Elvis," Sylvanus alimwambia akicheka, "si wewe ulituambia tuache hii kazi?"

Alimhesabia pesa za gunia. Sylvanus alileta gunia, akaondoka akipiga mluzi, na mluzi ule ulimkera Risper siku saba.

Gari likafika saa nne. Bwana Makhanu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa njia ile. Swafia hakupoteza muda. Aliandika majina ya wanawake wote kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya kikombe, akamwambia mgeni achukue vitatu. Mashamba hayo matatu ndiyo yangekaguliwa. Risper alisimama karibu na mlango. Aliushika mwimo kama mtu anayepumzika tu. Jina la kwanza halikuwa lake. La pili halikuwa lake. La tatu lilikuwa la Jael, jirani yake, Mama Gentrix, aliyelima kwa goti bovu na bado shamba lake likawa la kwanza kwa uzuri.

Wakatembea shamba hadi shamba. Swafia alipiga magoti, akafukua kwa mkono, akaonyesha mzizi mama uliobaki salama na kovu la kisu pembeni. Kila kitu kilikuwa sawa. Kurudi njiani Jael alimshika Risper mkono, akamnong'oneza kwamba watoto wake wataona Krismasi ya maana mwaka huu. Risper alitabasamu. Mzigo ulikuwa umemtoka, na aliona haya jinsi alivyofurahi.

Ikabaki chai, maandazi na kutia sahihi. Bwana Makhanu akasema kwanza aonje, maana yeye ni mtu wa huku Magharibi na mukombero hawezi kuununua kwa macho. Akapita gunia hadi gunia, akikata kipande kwa kisu kidogo, akitafuna, akiitikia kwa kichwa. Mzuri. Huu pia mzuri. Alipofika gunia la tisa alitafuna, akaacha kutafuna, akatafuna tena polepole.

"Huu ni wa nani?"

"Wa mwenyekiti," Jael alisema kabla Risper hajafungua mdomo, tena kwa fahari.

"Sijaonja mukombero kama huu tangu Kuka, babu yangu, afe," Bwana Makhanu alisema. "Yeye alikuwa ananikatia kidogo tukitoka kanisani." Macho yalikuwa yamemlowa, akacheka ili kuyaficha. "Mama, hii ndiyo ladha wateja wangu wanatafuta. Ile mingine ni mizuri, sikatai. Lakini huu ndio wenyewe. Nataka uwafundishe wenzako. Mwaka ujao magunia yote yawe hivi."

Wanawake wakapiga makofi.

"Na mbona ulitufichanga siri, Mama Elvis?" Jael alimtania. "Ni mbolea gani hiyo?"

Kumi na wawili walikuwa wakimtazama, wote wakitabasamu, na Risper alikuwa na jibu mdomoni. Angesema ni samadi ya yule fahali wa mzee. Wangeamini, wangelipenda jibu hilo. Halafu akawaona wote, kama aonavyo mtu njia anayoijua, jinsi wangemwaga samadi mwaka mzima na mzizi ubaki wa shambani. Angekuja huyu mtu mpole, aonje, atikise kichwa. Na mmoja wao, kwa siri, angemtafuta Sylvanus. Kisha wa pili. Kila mmoja angefikiri ni yeye pekee. Kufikia mwaka wa tatu wangekuwa wote wamerudi msituni, na mlangoni mwa msitu angekuwa amesimama yeye, mwalimu wao.

"Sikuupanda," alisema. "Huo umetoka msituni."

Wengine walicheka wakidhani ni utani. Hakucheka. Akawaeleza yote, ya shilembe, ya wazee, ya mashimo, ya viazi vitamu, na alipokuwa akieleza alisikia sauti yake ikiwa kavu kama ya mtu anayesoma tangazo. Bwana Makhanu alitema kile alichokuwa akitafuna kwenye kiganja, akabaki nacho mkononi, hajui akiweke wapi. Swafia aliweka kikombe chini.

Jael ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Miaka miwili, Mama Elvis. Miaka miwili na goti hili. Na wewe ulikuwa unanipitia asubuhi ukiniambia nisichoke."

"Nilikuambia."

"Ungeniambia na hiyo ingine."

Swafia na Bwana Makhanu walikwenda kando ya gari wakazungumza muda mrefu. Wanawake hawakukaa wala hawakuondoka. Chai ilipoa. Risper alitamani mtu amtukane ili jambo liishe, lakini hakuna aliyemtukana, na kila alipopitisha macho alikuta mtu akitazama miguu yake mwenyewe.

Waliporudi alizungumza Swafia. Kwa kuwa neno limesemwa kabla ya sahihi, magunia kumi yatachukuliwa. La Risper linabaki. Yeye anatoka kundini mpaka awe na mzizi wake mwenyewe wa miaka miwili, na mwenyekiti achaguliwe sasa hivi, hapa hapa. Alisema yote bila kukwama. Kisha akageuka upande wa Risper.

"Mimi nilikuwa nalitumia jina lako, Mama Elvis. Shianda, Lumakanda, kila mahali wakikataa kupanda nilikuwa nawaambia, mnaona yule mama wa Malinya."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Akainamisha kichwa.

Wakamchagua Jael kwa kuinua mikono. Risper naye aliinua wake, kisha akakumbuka kwamba hana kura, akaushusha. Magunia yakapakiwa. Bwana Makhanu alimpa mkono wakati wa kuaga, mkono wa adabu tu. Wanawake waliondoka wawili wawili, wengine wakiaga, wengine wakipita tu.

Jael hakuondoka. Alikusanya vikombe, akaviosha chini ya mgomba, akavifunika kwenye ungo. Kazi hiyo hakuna aliyemwomba. Ilipokwisha alikaa kwenye kiti cha kanisa, akanyoosha goti lake.

"Baba wa nyumba yangu hajatoka kitandani tangu Jumapili," alisema. Alikuwa na maana ya baba mkwe wake, mzee aliyefuga mafahali pamoja na Elkanah. "Daktari ametuambia tumrudishe nyumbani."

"Pole, Mama Gentrix."

"Wazee watakuja. Watakaa, watakula, halafu watasema ile maneno walikuambia wewe. Nitawajibu nini?"

Risper aliifikiria ile karatasi yenye vidole gumba kumi na moja. Ilitaja kisu, ilitaja mbolea, ilitaja kukausha. Kifo hakikuwamo. Hakuna aliyekumbuka kukiweka, ingawa kila mmoja wao alikuwa na mzee nyumbani.

"Usiwajibu," alisema. "Wewe ni mkwe, huwezi. Nitumie mtu. Nitakuja na kisu changu, nitawakatia ya pembeni kidogo kwa ungo, halafu nitasimama mbele ya shamba mpaka wa mwisho aende kwake."

"Watakutukana. Watakusema mpaka Shinyalu."

"Wacha waniseme," Risper alisema. "Jina langu limeshaharibika. Ni lako sasa liko kwa karatasi."